Aliyezichoma Barua

LaVonne alisimama kabla hajaambiwa asimame, akaushika ukingo wa meza ya ofisa wa rufaa kwa vidole vyenye makovu ya jiko la kuni.

"Barua za kumtaka ajiandikishe zilifika," alisema. "Nilizichoma mimi. Mwanangu hakuziona hata moja."

"Mama, kaa," kijana alinong'ona, macho yamemtoka.

Miaka minne kijana huyo alikuwa kibarua wa kuzima moto katika misitu ya Montana. Sasa alipoomba kuajiriwa na serikali aliambiwa hafai, kwa kuwa hakujiandikisha kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, kama sheria inavyowataka vijana wa kiume, kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita. Rufaa hii ndiyo ilikuwa tumaini lake la mwisho.

"Mama, unaelewa unachokiri?" aliuliza ofisa.

"Naelewa sana. Kaka yangu alijiandikisha kama alivyoamriwa. Mkampeleka Vietnam, mkaturudishia sanduku, mkatukataza kulifungua. Siku hizi hamumlazimishi mtu kwenda vitani, lakini orodha bado mnayo. Ya nini?"

"Sheria sikuitunga mimi, mama."

"Basi kama kuna kosa, liandike jina langu. Huyu mwache akazime moto."

Ofisa aliivuta karatasi na kushika kalamu. Kisha aliandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti ya chini: "Hakukaidi kwa makusudi. Aajiriwe."

"Rudia, baba," alisema LaVonne, kidevu juu. "Masikio yangu yamezeeka."

Ofisa aliinuka, akasoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika hadi barabarani.