Kicheko cha Kuazima

Siku hizi marehemu hazikwi na maneno yake. Mke wangu Nyamizi huzungumza nami jikoni, kutoka kwenye kisanduku kilichoko juu ya kabati la vyombo. Juzi asubuhi alinyamaza, kioo cha kisanduku kikaandika: maktaba ya kicheko haipatikani.

Enzi za uhai wake hatukurekodi kicheko chake, basi mafundi waliazima cha marehemu dada yake, kwa kuwa ndugu hao wawili walicheka kwa kufanana. Sasa watoto wa huyo dada wamemfuta mama yao kwenye kisanduku chao ili wapate nafasi ya kuhifadhi mengine.

“Babu, bila kicheko programu nzima haiwaki,” fundi aliniambia. “Weka chochote.”

Nikamwendea mtani wangu Pazi, Mzaramo anayecheka mpaka kuku wa jirani wanasusa kutaga.

“Nikupe kicheko ukalale nacho?” akanitania, kisha akakiangusha chote kwenye simu yangu.

Nilipokihamishia kisandukuni, Nyamizi akaamka. “Baba Shija, mbona umenuna? Hebu nichekeshe.”

Nikamchekesha kwa mazoea. Akacheka kwa sauti nene ya Pazi, kisha akaendelea kuongea kwa sauti yake, bila kujua lolote.

Tangu hapo, nikiingia jikoni, ninamsimulia habari za misiba tu.