Ukaguzi wa Nyumba ya Bi Mwanaate

Bwana Shekuwe, mkaguzi wa majumba ya kale, aligonga ukuta kwa nyundo ndogo, akatega sikio. "Chokaa hii imeachana na jiwe," alisema, akaandika daftarini. Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Zingebadilishwa kwa mikoko ya aina ile ile, kama sheria ya majumba ya kale inavyotaka.

Sauda, mjukuu wa Bi Mwanaate, alimfuata chumba kwa chumba. Alijua kilichoandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari lile, kwani nyumba hizi zilisajiliwa pamoja na watu waliokaa ndani yake.

"Mwanamke mmoja, dirishani, anasuka ukili wa mkeka kila alasiri," mkaguzi alisoma. "Yuko wapi?"

"Bibi alifariki mwezi jana."

"Mungu amrehemu." Alimgeukia Sauda. "Na wewe, mwanangu, unajua kusuka?"

"Sijui, baba. Kesho nahamia Malindi kwa mume wangu."

Mkaguzi aliinama, akaokota kipande cha ukili chini ya kiti, akakibana kwa chombo chake cha kupimia unyevu wa kuta. Chombo kikalia.

"Majani haya ya miyaa yamelowekwa leo," alisema.

Sauda aliutazama mkono wa mkaguzi. Alikuwa akiumalizia kwa siri mkeka wa bibi yake, aende nao kwa mumewe.

Kando ya mstari wa mwanamke wa dirishani, Bwana Shekuwe aliandika neno moja: abadilishwe. Kisha akavuta kiti hadi dirishani, akatoa picha ya zamani ya Bi Mwanaate akisuka, akaitazama, akamtazama Sauda.

"Kaa hapa," alisema kwa upole. "Inamisha shingo kidogo."