Nawa Upya

Siku hizi mashine ya kusafishia damu nyumbani haifunguki mpaka ihakikishe kwamba mrija ulio tumboni mwako hautaingiwa na vijidudu. Ndiyo sheria. Kwanza ilimkataa paka wangu, nikampeleka kwa jirani. Ikakataa feni, na Tanga hii kwa joto lake! Nikatii yote, maana figo zangu zilikwisha kunigomea.

Leo imemkataa mama.

Alikuwa amefukiza udi, kama afanyavyo kila anapokwenda kumtazama mgonjwa, kisha akaketi kitandani akanishika mkono. Taa nyekundu ikawaka.

“Kuna moshi. Kuna mgeni,” mashine ikasema. “Toa vyote.”

“Mgeni nani?” mama akang'aka. “Mimi niliyemzaa?”

“Mama, toka tu, tafadhali. Maji yamenijaa mpaka miguuni.”

Akabeba chetezo chake cha udi, akatoka, akasimama nje ya mlango wa kioo.

Moshi ulipoisha nikanawa mpaka viwiko. Nilipogeuka kuchukua mrija wa mashine nikamwona analia, nami machozi yakanitoka. Nikayafuta.

“Umegusa uso,” mashine ikasema. “Nawa upya.”

Nikanawa. Yakatoka tena. Nilitamani kuipiga teke, lakini ingejifunga hadi kesho. Basi nikaiinua mikono yangu safi, nikayaacha machozi yateremke mpaka kidevuni.

Mama akakunja upindo wa kanga yake, akaanza kunifuta uso juu ya kioo.

“Chumba ni salama,” mashine ikasema.