Saa Moja Tu

Mama alikuwa amejifunga shali nzito, tayari kwa baridi ya safari ndefu.

"Ndege inachukua muda gani mpaka huko?" alimuuliza binti wa tiketi, akimwonyesha kikaratasi chenye jina la mji anakoishi mwanawe.

"Saa moja tu, mama. Hata usingizi hautakupata."

Mama alimkazia macho. Miaka yote mwanawe alimwambia kwenye simu kwamba huko ni mbali mno, kwamba kukaa angani kutwa nzima kungemmaliza. Hata alipofiwa na baba yake, alisema asingewahi mazishi.

"Una hakika, binti yangu?"

"Saa moja, mama. Nikukatie ya kwenda na kurudi?"

Mama aliivua shali, akaikunja juu ya kaunta, akailainisha taratibu kwa kiganja.

"Ya kwenda tu. Ya kurudi atanikatia mwenyewe."