Sindano ya Maji ya Birika

Maji aliyoyavuta Semeni kwenye bomba la sindano yalitoka kwenye birika la chai. Aliyachemsha, akayapooza, akatia chumvi kidogo ili yasimwashe mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni mama yake, Bi Mastura, aliyelala chumba cha pili, na ukuta wa udongo uliowatenga haukufika hata kwenye paa. Titi lake la kushoto lilianza kwa uvimbe, uvimbe ukawa donda, na sasa maumivu yalikuwa yameingia mpaka mifupani. Daktari wa pale Pangani alisema kukata hakufai tena. Akarudishwa nyumbani na vidonge vya aspro. Aspro kwa maradhi yale! Ni kuzima moto wa shamba kwa mate.

Alipokuwa amelazwa hospitali alikuwa akichomwa mofini, na Semeni, aliyekuwa nesi wa wodi ileile, aliyaona mambo yake kwa macho. Maumivu huaga yakaenda zake. Mgonjwa hujikuna pua, maana mofini ina mtindo wa kuwasha pua. Mboni za macho husinyaa zikawa kama kichwa cha pini, kisha usingizi. Lakini mofini haitoki kwenda majumbani. Inafungiwa kabatini, ufunguo anao Sista, na dresa mmoja, mfunga vidonda wa wodini, aliyejitia kuichomoa alikuwa jela wakati huo akivunja mawe.

"Dada Kijakazi," Semeni alimwambia jirani yao aliyekuja kumsaidia kukuna nazi, "namjaribu kwa maji. Wako wagonjwa wanaopoa kwa imani tu. Yakishindwa haya, kesho naiba. Sista huuacha ufunguo mezani akienda kunywa chai. Nikifungwa nifungwe, lakini siwezi kumsikia tena akilia vile."

Kijakazi akamwambia ayameze maneno hayo. Yeye ni mwana wa pekee, akitiwa ndani nani atamzika mama? Semeni akaichukua sindano yake. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wa mamaye, na ulikuwa umemlemea. Alikuwa ameshaamua, liwalo na liwe.

Akaingia chumbani, akamwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba huku uso umemlowa jasho. Akaitazama sindano, kisha akamtazama mwanawe kwa kitambo.

"Umepewa, au umechukua?"

"Nimepewa, mama."

Bi Mastura alinyoosha mkono, akachomwa, na Semeni akakaa ukingoni mwa kitanda akingoja.

Punde mama akajikuna pua.

Semeni almanusura aangue kilio kwa furaha. Mama akajikuna tena, akashusha pumzi, akafumba macho. Semeni alitaka kuzitazama mboni, lakini macho hayakufumbuliwa. Mama alisema, meno yamekaribiana, kwamba amepoa, Mungu ambariki mwanawe, na kwa kuwa usingizi umemjia, basi afunge mlango naye akajipumzishe.

Semeni akalala fofofo. Masikini, alikuwa hajui tena usingizi unafananaje.

Ikawa ndiyo ada. Kila jioni akirudi kazini ni maji ya birika, na kila jioni mama hujikuna pua, kisha mlango hufungwa. Kilio kikakoma. Ile kesho ya kuiba ikawa haifiki. Sista aliuacha ufunguo mezani kama kawaida yake, na Semeni akapita na beseni lake bila hata kugeuza shingo.

Kilichomtafuna ni aibu. Kumdanganya mzazi aliyekuzaa, tena mgonjwa, tena kila siku! Kila akiswali aliomba msamaha kwa hilo. Na alistaajabu pia. Mama yake huyu, aliyekuwa hauziwi samaki wa jana na mchuuzi yeyote wa Pangani, leo amedanganyika kama mtoto.

Jambo moja dogo lilimuudhi. Kanga ya kisutu ya mama, ile ya harusi yake, haikuonekana. Mama alisema amempa Kijakazi. Semeni akanuna kimoyomoyo. Mtu anakuja kukuna nazi, anaondoka na kisutu cha mgonjwa! Lakini alinyamaza, kwa kuwa Kijakazi alikuwa mtu wao.

Bi Mastura alifariki alfajiri ya Ijumaa, kimya, bila kumwamsha mtu. Majirani wote walisema amekufa kifo chema. Semeni alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini alikuwa na faraja moja, kwamba mama yake hakuteseka.

Wanaume waliporudi makaburini, yeye na Kijakazi waliingia chumbani kutoa kitanda nje. Hapo Semeni hakuweza kujizuia. Alimwambia Kijakazi kwa upole kwamba, ikiwa hataona vibaya, amrudishie kile kisutu abaki nacho kama ukumbusho.

Kijakazi akamshangaa.

"Kisutu gani, mdogo wangu? Mama yako hakunipa kitu. Aliniomba jambo moja tu, asubuhi ile baada ya sindano ya kwanza. Alisema nisije nikakwambia kwamba ukuta huu unapitisha maneno."

Semeni akalinyanyua godoro la usumba. Kisutu kilikuwa pale chini, upande wa kichwani, pindo lake zima limetafunwa likabaki nyuzi tupu, na damu imekaukia.