Mkia Utangulie

Mbweha na jirani yake Ngiri walikuwa juu ya mlima walipoona mvua inakuja. Njia ya kushuka ilikuwa mwamba mkali; ukilowa, hakuna atakayeweza kushuka.

Ngiri aliuelekea mwamba, akaanza kushuka kinyumenyume.

“Mjomba,” Mbweha alicheka, “ndiyo adabu gani hiyo, kulisalimia bonde kwa makalio?”

“Hata shimoni kwangu naingia hivi.”

“Mimi nina macho. Naangalia ninakokwenda.”

Akatanguliza kichwa. Hatua ya nne kokoto zikateleza, naye akaserereka mpaka ukingoni, akanaswa na kichaka.

“Mjomba, nakufa!”

“Hufi. Geuka taratibu, uso kwenye mwamba. Sogeza mguu mmoja tu, mitatu ishikilie. Na usikanyage kabla hujapapasa.”

Mbweha akapapasa, akakanyaga, akapapasa tena. Walifika chini matone ya kwanza yakianza kudondoka.

Nyani waliokuwa wakila matunda hapo wakaangua kicheko. “Bwana Mbweha! Siku hizi unatanguliza mkia?”

“Naam,” alijibu Mbweha, akijikung'uta vumbi. “Kichwa bado nina kazi nacho.”