Kitambaa cha Zambarau

Fundi alipokuwa akisawazisha meza mpya ya pool sebuleni, Faiza alichungulia dirishani. Ndani ya lori kulikuwa na meza nyingine iliyofunikwa nailoni, nayo ilikuwa na kitambaa cha zambarau. Rangi hiyo aliichagua yeye kwa meza hii ya sebuleni, na muuzaji wa Nairobi akamwambia hakuna mteja aliyewahi kuiagiza.

"Hiyo ingine ni ya nani?" akamuuliza fundi.

"Ni ya mzee pia. Tunaipeleka Tala. Alisema zilingane, hata chaki, ndio Mungu asimuulize."

Mumewe, aliyeinama kando ya meza, aliendelea kulainisha kitambaa kwa kiganja, ingawa hakikuwa na kunyanzi hata moja.

"Baba Layla," Faiza akasema taratibu. "Huyo wa Tala, na yeye anapenda zambarau?"